Dawa ya malaria isiyoyeyuka, na deni lililoachiwa jikoni

MTU mzima anayepatikana na malaria katika kituo cha afya mjini Bungoma au Kitale hurejea nyumbani na tembe 24. Humeza nne papo hapo, nne nyingine baada ya muda wa saa nane, kisha nne asubuhi na nne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Hesabu hiyo wengi wanaifahamu. Lisilofahamika sana ni kwamba sehemu kubwa ya dawa iliyomo katika tembe hizo inaweza kupita tumboni na kutoka nje bila kuingia katika damu, iwapo mgonjwa atazimeza kwa maji matupu.

Tiba yenyewe ni mseto wa artemetha na lumefantrini, ambao wahudumu wa afya huuita AL na ambao umma uliuzoea kwa jina la kibiashara la Coartem. Kenya iliuteua kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali mwaka wa 2004, nao ukaanza kutolewa katika hospitali za umma mwaka wa 2006. Kabla ya hapo taifa lilikuwa limeachana na klorokwini mwaka wa 1998. Dawa ya salfa iliyoirithi nayo ikazidiwa nguvu na vimelea kabla ya kutimiza miaka kumi.

Historia hiyo ya dawa mbili kuzikwa katika kipindi kifupi ndiyo inayolifanya suala la kuyeyuka kwa lumefantrini kuwa zito kuliko mjadala wa wanakemia peke yao.

Lumefantrini kwa maumbile yake hupenda mafuta na huchukia maji. Ukiitia majini haiyeyuki. Hukaa chembe chembe mfano wa mchanga mwororo. Nalo tumbo la binadamu limejaa maji. Dawa ambayo haikuyeyuka haiwezi kupenya ukuta wa utumbo, hata iwe na makali ya kiasi gani ikiwa ndani ya pakiti.

Kinachoiokoa ni chakula. Mtu anapokula kitu chenye mafuta, nyongo humwagika katika utumbo mwembamba. Nyongo hiyo hufanya kazi ile ile ambayo sabuni huifanya juu ya sufuria iliyopikiwa nyama: huyashika mafuta, huyavunja kuwa matone madogo mno na kuyawezesha kuelea majini. Lumefantrini hujipenyeza ndani ya matone hayo na kusafirishwa nayo hadi kwenye ukuta wa utumbo, ambako hufyonzwa.

Tofauti si ndogo. Maelezo rasmi ya Coartem yanasema kwamba watu wenye afya waliomeza dawa hiyo pamoja na mlo wenye mafuta mengi walipata katika damu kiasi cha lumefantrini kilicho mara 16 ya kile walichopata wenzao waliomeza bila kula. Artemetha, ambayo nayo si rafiki mkubwa wa maji, iliongezeka mara mbili hadi tatu. Ni nadra kupata dawa nyingine ya kawaida ambayo nguvu yake inategemea sahani ya mgonjwa kwa kiwango hicho.

Lumefantrini si pweke katika tabia hii. Prazikwanteli inayotibu kichocho na griseofulvini ya mapunye ni za ukoo huo huo. Albendazoli, ambayo watoto wa shule hupewa kuua minyoo, haina haja ya kufika katika damu ili imwangamize mnyoo aliyemo utumboni. Lakini mgonjwa wa Turkana anayetibiwa uvimbe unaoletwa na tegu wa mbwa huagizwa aimeze dawa hiyo hiyo pamoja na chakula chenye mafuta, maana safari hii lazima ifike hadi kwenye ini au mapafu.

Lumefantrini ilibuniwa na wanasayansi wa jeshi la China katika miaka ya 1970, kutokana na mradi wa siri wa kusaka dawa za malaria ulioanzishwa mwaka wa 1967. Kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi, ambayo mwaka wa 1996 iliungana na nyingine kuwa Novartis, iliipeleka katika soko la dunia. Ilijulikana mapema kwamba dawa hii haiyeyuki kwa urahisi. Hata hivyo mseto wake na artemetha uliponya, na malaria ilikuwa ikiua watoto. Dawa ikatolewa jinsi ilivyo, na kazi ya kuiyeyusha ikaachiwa chakula cha mgonjwa.

Hapo ndipo Bungoma na Kitale zinapoingia katika hesabu, kila moja kwa namna yake.

Bungoma imo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria huambukizwa mwaka mzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulipata vimelea katika asilimia 19 ya watoto wa kati ya miezi sita na miaka 14 katika ukanda huo, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia sita. Huko mgonjwa wa kawaida ni mtoto. Na mtoto mwenye homa hakubali chakula. Atakunywa maji, labda uji mwepesi usio na maziwa, kisha dawa itasagwa na kumiminwa kinywani.

Kitale, katika nyanda za juu za Trans Nzoia, maambukizi ni machache na huja kwa misimu. Lakini uchache huo una hila yake: mkazi wa nyanda za juu hajajijengea kinga, na hivyo hata mtu mzima mwenye misuli huangushwa kitandani. Kibarua wa shamba la mahindi anayemeza tembe zake alfajiri kwa chai ya rangi kabla ya kwenda kupalilia hana tofauti kubwa na yule mtoto wa Bumula. Ajabu ni kwamba Trans Nzoia ni kaunti ya maziwa. Mara nyingi maziwa hayo huwa yamekwisha kupelekwa sokoni wakati chai inachemka.

Je, kunahitajika mlo mzito? La. Watafiti nchini Thailand walilipima jambo hilo kwa kuwapa watu wazima wenye afya maziwa ya soya kwa viwango mbalimbali, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2007. Walikadiria kwamba mililita 36 tu, zenye mafuta ya gramu 1.2 hivi, zilitosha kuifikisha lumefantrini kwenye asilimia 90 ya kiwango cha juu kabisa inachoweza kufikia.

Kwa kipimo cha jikoni, kiasi hicho cha mafuta kinapatikana katika vijiko viwili au vitatu vikubwa vya maziwa halisi ya ng'ombe. Kikombe cha chai iliyopikwa kwa maziwa jinsi inavyopikwa katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya kina zaidi ya hapo. Kipande cha parachichi, konzi ya njugu au mboga zilizokaangwa kwa mafuta vingefikisha mgonjwa pale pale. Ni kweli kwamba utafiti ule haukufanywa kwa watoto wagonjwa, na utumbo wa mtoto mwenye homa si wa mtu mzima aliye na siha. Hata hivyo unaonyesha kwamba dawa ya shilingi nyingi inategemea kitu cha shilingi chache.

Msomaji mwenye shaka anaweza kuuliza: ikiwa hali ni hiyo, mbona watu wamekuwa wakipona miaka yote hii?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Mwaka wa 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Mbarara, Uganda, ambapo wagonjwa 957 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilimeza AL hospitalini, chini ya uangalizi na pamoja na chakula chenye mafuta. Jingine lilipewa dawa na maelezo, likaenda kumezea nyumbani. Baada ya siku 28 makundi yote mawili yalikuwa yamepona kwa karibu asilimia 98. Serikali nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, zilikuwa na kila sababu ya kupumua.

Lakini ndani ya matokeo hayo mlikuwa na jambo ambalo halikupigiwa kelele. Waliomezea nyumbani walikuwa na lumefantrini kidogo zaidi katika damu. Walipona licha ya upungufu huo kwa sababu kazi kubwa ilikuwa imefanywa na artemetha.

Mseto huu umepangwa hivi: artemetha huvamia kwa kasi na kuua sehemu kubwa ya vimelea katika siku za kwanza, kisha hutoweka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikiwasaka wachache waliosalia. Mkono wa kwanza ukiwa na nguvu, mkono wa pili unaweza kulegea kidogo na madhara yasionekane.

Mkono wa kwanza sasa unaanza kuchoka. Mwaka wa 2020 wanasayansi walithibitisha nchini Rwanda vimelea vyenye mabadiliko ya kijenetiki yanayovipa usugu wa kiasi dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini, na mwaka wa 2021 ushahidi kama huo ukatoka kaskazini mwa Uganda. Usugu huo haumaanishi kwamba dawa haiui. Inaua, ila kwa kuchelewa. Vimelea vingi zaidi husalia baada ya siku tatu za tiba, na jukumu la kuvimaliza huiangukia lumefantrini peke yake.

Kutoka mjini Bungoma hadi mpaka wa Uganda kule Lwakhakha si safari ya siku nzima. Mbu hana pasipoti, na abiria wa matatu hapimwi damu mpakani.

Ndiyo maana upungufu wa lumefantrini uliosameheka mwaka wa 2005 si wa kusameheka leo. Kila mgonjwa anayebaki na kiasi kidogo cha dawa hii katika damu, kisichotosha kuua kila kimelea, huvipa vimelea sugu nafasi ya kuzoea dawa ya pili baada ya ile ya kwanza. Watoto ndio walio hatarini zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2015 kwa kukusanya takwimu za tafiti nyingi ulipata kwamba watoto wenye uzito wa chini ya kilo 15 walikuwa na kiwango cha lumefantrini kilichopungua kwa karibu robo siku ya saba, wakilinganishwa na watu wazima, ingawa walipewa dozi inayolingana na uzani wao.

Kuna hatua zilizopigwa kuwasaidia watoto hao, na hatua moja imezaa kutoelewana kusikotarajiwa. Mwaka wa 2009 Novartis na shirika la Medicines for Malaria Venture walizindua tembe za Coartem zinazosambaratika zenyewe katika maji, zenye ladha tamu. Majaribio yaliyohusisha watoto 899 katika nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwemo, yalikuwa yameonyesha kwamba tembe hizo zinaponya sawa na zile za kusagwa. Mama hahitaji tena kuponda tembe chungu kwa kijiko.

Ila kusambaratika si kuyeyuka. Donge la sukari guru likipondwa na kutiwa katika chai litapotea kabisa. Hiyo ndiyo maana ya kuyeyuka. Tembe ya AL inapovunjika majini, maji hugeuka na kuwa mazito kwa chembe zinazoelea, na ukiyaacha yatulie nyingine huzama chini. Chembe ni ndogo kuliko awali, jambo ambalo ni faida, lakini lumefantrini iliyo ndani yake bado inasubiri mafuta. Mzazi anayeiona tembe "ikiyeyuka" mbele ya macho yake ana kila sababu ya kudhani kwamba maziwa hayahitajiki tena. Ni kosa la lugha zaidi ya kosa la mzazi.

Mchanganyiko wa watoto wachanga wenye uzito wa kilo mbili hadi chini ya tano, ulioidhinishwa nchini Uswisi Julai 2025 baada ya tathmini iliyoshirikisha nchi nane za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, una afadhali kwa upande huu. Unaweza kuchanganywa na maziwa ya mama, ambayo yenyewe yana mafuta.

Kwamba viwanda vinaweza kulimaliza tatizo hili badala ya kulisukuma jikoni si ndoto. Wagonjwa wa HIV wanaohudumiwa Kitale na Webuye chini ya mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake wamo katika kizazi kilichoshuhudia mfano mmoja. Ritonaviri, dawa isiyopenda maji, ilimpiga mweleka mtengenezaji wake mwaka wa 1998 pale ilipojipanga yenyewe katika umbo jipya la fuwele lisiloyeyuka, tembe zikalazimika kuondolewa sokoni. Toleo lililofuata, na baadaye mseto wake na lopinaviri, lilitaka kuhifadhiwa kwenye friji. Friji kijijini ni hadithi ya abunuwasi.

Mwaka wa 2005 kampuni ya Abbott ilipata idhini ya Marekani kwa tembe mpya za mseto huo. Dawa ilikuwa imeyeyushwa kwa joto pamoja na plastiki isiyodhuru, ikapozwa haraka, na molekuli zake zikabaki zimetawanyika bila kupata muda wa kujipanga tena kuwa fuwele ngumu. Friji haikuhitajika, wala mlo maalumu, na vidonge sita kwa siku vikawa vinne. Dawa zilizokuja baadaye zimeipokonya nafasi, lakini funzo la kiwandani lilibaki.

Mbinu ya ukoo huo ndiyo iliyotumiwa sasa kwa lumefantrini. Profesa Bernhards Ogutu wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, aliongoza orodha ya waandishi wa ripoti ya mwaka wa 2023 kuhusu mseto wa dawa mpya, ganaplasidi, na lumefantrini iliyotengenezwa upya kwa kutawanywa ndani ya kibebeo kigumu ili ifyonzwe vyema. Kwa sababu ya utengenezaji huo, humezwa mara moja kwa siku badala ya mara mbili.

Novemba 2025 Novartis ilitangaza matokeo ya awamu ya tatu: wagonjwa 1,688 katika nchi 12 za Afrika, na uponyaji wa asilimia 97.4 ukilinganishwa na 94.0 wa Coartem. Ni chembechembe katika pakiti ndogo, kwa siku tatu. Ganaplasidi ndiyo iliyopewa vichwa vya habari, na inastahili, kwani ni dawa ya jamii mpya kabisa. Pengine lumefantrini ile ya zamani, iliyovalishwa upya, ilistahili mstari mmoja pia.

Kutoka matokeo hadi rafu, hata hivyo, ni mwendo mrefu. AL yenyewe ilichukua miaka miwili kutoka sera ya 2004 hadi hospitali za umma za 2006, wakati ambapo fedha za wafadhili zilikuwa zikimiminika. Msaada wa Marekani kwa vita dhidi ya malaria ulitikiswa mwaka wa 2025, na bajeti za kaunti hazijawahi kuwa na akiba ya kuchezea. Kwa misimu kadhaa ya mvua ijayo, Bungoma na Trans Nzoia zitatibu malaria kwa tembe zinazohitaji mafuta.

Yanayoweza kufanywa katika kipindi hicho hayahitaji maabara. Agizo la "meza baada ya chakula" hutolewa kwa karibu kila dawa, na kwa hivyo limepoteza uzito. Mgonjwa hudhani ni la kuzuia tumbo lisiume. Anayepewa AL anafaa kuambiwa jambo tofauti: kwamba bila maziwa au mafuta kidogo dawa haiingii. Aambiwe pia kwamba akikosa yote mawili asiruke dozi, kwani dawa kidogo ni bora kuliko kutomeza kabisa.

Agizo hilo lazima lifike dukani, si hospitalini pekee. Familia nyingi hununua AL katika maduka ya dawa, ambako muuzaji huandika "4 × 2" kwa kalamu juu ya pakiti na kumpokea mteja anayefuata. Karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Inawezekana kulifikia duka hilo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Duke, uliofanywa Bungoma Mashariki na Kiminini na kuchapishwa mwaka wa 2018, uliwatumia wahudumu wa afya ya jamii kupima homa vijijini na kuwapa wenye malaria vocha za kupunguziwa bei ya AL madukani. Upimaji ukaongezeka na dawa zikawafikia zaidi waliozihitaji. Tangu Septemba 2023 serikali ina wahudumu kama hao wapatao 100,000 nchini, waliopewa mikoba ya vifaa. Sentensi moja kuhusu maziwa haiongezi uzito wa mkoba.

Wangeanza na dozi ya pili. Mtoto aliyepewa ya kwanza kituoni saa nane mchana anatakiwa kupewa ya pili saa nne usiku, wakati jiko limezimwa, sufuria zimeoshwa na yeye mwenyewe amelala. Dozi hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kumezwa kwa maji matupu, na maziwa yake yanafaa kuwekwa kando mapema, kabla ya kikombe cha mwisho cha chai ya jioni kumiminwa.